Mtu aliyeuliza "mpaka wapi?": hotuba kuhusu Alexander Esenin-Volpin

Hii ni hotuba niliyotoa mbele ya wanafunzi wa hisabati na wa sheria waliokaa ukumbi mmoja. Wengi mlikosa nafasi ya kuja, kwahiyo nimeiandika yote kama nilivyoongea, zile picha za ukutani nimeziacha.

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, hamjambo. Asanteni kwa kuja jioni hii, na asanteni zaidi nyie watu wa sheria, maana najua mkisikia neno hisabati wengine mnatafuta mlango ulipo. Kaeni tu, nusu ya habari ya leo ni yenu.

Mtu ninayetaka kumuongelea ni Mrusi, mwanahisabati, mtaalamu wa mantiki, na pia mshairi. Anaitwa Alexander Sergeyevich Esenin-Volpin, marafiki walimwita Alik. Alizaliwa tarehe 12 Mei 1924 mjini Leningrad. Baba yake ni Sergei Esenin, mshairi ambaye mpaka leo Warusi wanakariri mashairi yake, na mama yake Nadezhda Volpin naye alikua mshairi na mfasiri. Hawakuoana. Baba alifariki Desemba 1925 mtoto hajafikisha hata miaka miwili, kwahiyo Alik alilibeba jina kubwa la mtu ambaye hakumjua.

Alikulia kwa mama. Mwaka 1933 wakahamia Moscow, akasoma hisabati Chuo Kikuu cha Moscow akamaliza 1946, alafu akaendelea na topolojia, hisabati ya maumbo yanayoweza kuvutwa na kupindwa bila kukatwa, chini ya Pavel Alexandrov, na mwaka 1949 akatetea tasnifu yake. Wale wa topolojia mnaosoma nafasi za daiadiki, theoremu yake ya mwaka huo bado inatajwa kwa jina lake. Akapangiwa kazi ya kufundisha Chernivtsi, kule Ukraine, na mwaka huohuo akakamatwa. Kosa? Mashairi. Hakuandika kitabu cha siasa wala hakuunda chama, alisoma mashairi yake mbele ya watu anaofahamiana nao, basi.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Hawakumpeleka mahakamani ajitetee. Walisema huyu hana akili timamu, wakampeleka hospitali ya magonjwa ya akili ya gereza, Leningrad, alafu mwaka 1950 wakamhamishia Karaganda, Kazakhstan, uhamisho wa miaka mitano. Stalin alipofariki 1953 ukatoka msamaha naye akarudi Moscow. Ana miaka 29, ana tasnifu, ana rekodi ya kichaa. Angefanya nini mtu mwingine? Wengi wangekaa kimya kabisa na hakuna ambaye angewalaumu. Yeye akarudi kwenye mantiki. Mwaka 1957 kitabu kikubwa cha Stephen Kleene cha utangulizi wa metahisabati, yaani hisabati inayojichunguza yenyewe, kilitoka kwa Kirusi na mfasiri ni yeye. Kuanzia 1961 alifanya kazi kwenye taasisi ya Moscow ya kukusanya habari za sayansi, ile VINITI.

Ndugu zangu, leo nina jambo moja tu la kusema na nitalizungusha jioni nzima. Watu wakimuandika Volpin wanamkata vipande viwili, kuna Volpin wa hisabati za ajabuajabu na kuna Volpin mpigania haki. Mimi nasema ni mtu mmoja na ni swali moja. Ukimwambia "na kuendelea", anakuuliza: mpaka wapi? Nionyeshe. Ukimwambia "sheria inasema", anakuuliza: inasema wapi? Nisomee.

Tuanze na hisabati.

Mnajua jinsi tunavyofundisha namba asilia. Sifuri, moja, mbili, tatu, alafu tunaweka nukta tatu. Zile nukta tatu zinabeba mzigo wote na hakuna anayezitazama! Volpin alizitazama. Akasema mimi nakubali namba ambayo naweza kuifikia kwa kuhesabu, hizo nyingine mnaniahidi tu. Msimamo huu una ndugu zake kwenye historia, wako wanaotilia shaka kitu kisicho na mwisho, kwamba hakiwezi kuwepo kizima kizima mbele yetu. Ila Volpin alienda mbali kuliko wote, alitilia shaka hata vitu vyenye mwisho vikiwa vikubwa mno. Makala yake ya kwanza kubwa kuhusu mpango huu, kwa Kifaransa, ilichapishwa 1961 kwenye kitabu cha mkutano wa Warsaw wa 1959 kuhusu misingi ya hisabati.

Mtasema huyu anacheza. Hebu tumpime. Chukueni 2 kwa kipeo cha 100. Kwenye karatasi ni kitu kidogo, unaandika 2 na 100 pale juu umemaliza. Sasa ihesabu, moja moja, namba moja kila sekunde. Ni namba ya tarakimu 31. Umri wote wa ulimwengu tangu mwanzo ukiuweka kwenye sekunde unapata namba ya tarakimu 18 tu. Yaani ulimwengu mzima ungehesabu tangu siku ya kwanza na bado usingekua umeanza vizuri. Sasa niambieni, mnaposema namba hiyo "ipo", mna maana gani hasa? Nimeuliza kweli, mna maana gani?

Harvey Friedman, Mmarekani, bingwa wa mantiki, aliwahi kumkabili Volpin kwenye mhadhara na jambo hilihili. Hoja yake ilikua nzuri sana: kama unakataa 2 kwa kipeo cha 100 lakini unakubali 2 kwa kipeo cha 1, basi mahali fulani kati ya 1 na 100 unaacha kukubali, tuambie ni wapi. Volpin akamwambia uliza moja moja. Friedman akaanza. 2 kwa kipeo cha 1, ipo? Volpin akajibu papo hapo, ndiyo. 2 kwa kipeo cha 2? Ndiyo, ila alichelewa kidogo. Kipeo cha 3? Ndiyo, alichelewa zaidi. Wakaendelea mara mbili tatu hivi alafu Friedman akashtuka, kumbe mzee yuko tayari kujibu ndiyo kila mara, ila kila jibu litachukua muda unaolingana na ukubwa wa namba yenyewe! Ukifika kipeo cha 100 utasubiri jibu mara 2 kwa kipeo cha 100. Friedman mwenyewe ndiye aliyesimulia na alikiri kwamba kwa njia ile asingefika mbali.

Mnaona uzuri wake? Hakukwepa swali. Alilijibu kwa kulitekeleza. Ukitaka namba, lipa gharama ya kuifikia.

Na kuna mfano wake mwingine ambao mimi naupenda kuliko huo, ni wa mapigo ya moyo. Pigo la kwanza la moyo wako baada ya kuzaliwa lilikua la utotoni, tunakubaliana? Na kama pigo fulani ni la utotoni, basi linalofuata nalo ni la utotoni, maana hakuna mtu anayeacha utoto katikati ya mapigo mawili ya moyo. Wale wa induksheni, ile njia ya kuthibitisha hatua ya kwanza alafu kila hatua kutoka kwa iliyotangulia, mshajua naelekea wapi. Kwa induksheni, mapigo yote ya moyo wako ni ya utotoni. Lakini nyie hapa wengine mna mvi! Utoto uliisha, na mapigo yake yana kikomo, pengine hayafiki hata bilioni moja. Kwahiyo tuna mfululizo ambao kila hatua ina hatua inayofuata ndani yake, na bado wote umefungwa chini ya namba ya kawaida kabisa. Volpin akasema mifululizo ya namna hii ipo, namba asilia sio mfululizo mmoja tu mtakatifu, na ukiichukua kwa uzito unaweza kujenga misingi mipya ya hisabati yote. Kwenye makala yake ya 1970 aliweka mpaka kwenye trilioni moja, na ukihesabu mpaka trilioni kwa sekunde moja moja utahitaji zaidi ya miaka 31,000 bila kulala.

Alitaka kwa njia hiyo kuthibitisha kwamba nadharia ya seti, ile ya mikusanyo ya vitu ambayo hisabati nyingi imejengwa juu yake, haijipingi. Hapo wataalamu wengi hawakukubaliana naye, mpango haukukamilika kwa namna ambayo watu wangeweza kuukagua mstari kwa mstari, na mimi nawaambia wazi kwamba hapo sisimami naye. Ila swali lake nasimama nalo.

Sasa watu wa sheria, zamu yenu.

Tarehe 1 Julai 1959 Volpin aliandika insha ya falsafa, siku moja tu, kwa haraka ya mtu anayejua mlango unaweza kugongwa wakati wowote. Mwisho wa insha aliandika kwamba Urusi haina uhuru wa kuchapisha, lakini ni nani atasema haina uhuru wa kufikiri? Insha ikatoka nje ya nchi kisirisiri, mwaka 1961 ikachapishwa New York pamoja na mashairi yake, na jina lake liko pale juu. Viongozi wa chama walimsema hadharani. Na kati ya hapo alikua anaingizwa na kutolewa hospitali za magonjwa ya akili, mara kadhaa, kwasababu ndio ilikua njia rahisi: ukimshtaki mtu wa mantiki mahakamani atajibu, ukimuita kichaa umemaliza mjadala kabla haujaanza.

Yeye akafanya kitu ambacho wenzake wote waliona cha kipuuzi. Alisoma sheria za Usovieti. Alizisoma kama anavyosoma aksiomu, zile kauli za mwanzo ambazo hisabati inaanzia. Wapinzani wengi wa wakati ule walikua wanasema sheria zile ni maneno matupu, kila mtu anajua ni uongo, ya nini kuzisoma? Volpin akasema hapana, zimeandikwa, zimesainiwa, zinasema hiki na hiki, basi tudai hiki na hiki. Hakusema serikali ni mbaya, hakutaka kuipindua. Alisema mmeandika, tekelezeni.

Februari 1962 vijana watatu, Kuznetsov, Osipov na Bokshtein, walikua wanahukumiwa Moscow kwasababu ya mikusanyiko ya kusoma mashairi pale uwanja wa Mayakovsky. Mlango wa mahakama umefungwa, walinzi wamesimama, marafiki wako nje wanazunguka kwenye baridi. Anatokea Volpin, mkononi ana kitabu cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai. Anafungua, anawasomea walinzi: kesi zinasikilizwa hadharani, na hata zile zinazoruhusiwa kufungwa, hukumu lazima isomwe hadharani. Hakupiga kelele, hakutukana mtu. Alisoma kifungu. Alafu akasoma tena. Na mwisho, ndugu zangu, wakafunguliwa mlango wakaingia kusikia hukumu! Vijana walifungwa miaka saba, saba na mitano, hilo halikubadilika. Lakini Vladimir Bukovsky, aliyekuwepo pale, aliandika baadaye kwamba hawakujua siku ile kuwa tukio lile la kuchekesha ndio lilikua mwanzo wa harakati zao za haki za raia.

Hebu fikirini walinzi wale. Walifundishwa kupambana na mtu anayesukuma, anayekimbia, anayetukana. Hawakufundishwa kupambana na mtu anayewasomea sheria yao wenyewe kwa adabu.

Miaka mitatu baadaye, Septemba 1965, wakakamatwa waandishi wawili, Andrei Sinyavsky na Yuli Daniel, kwasababu ya vitabu walivyochapisha nje ya nchi kwa majina ya bandia. Watu wakaogopa, maana walikumbuka kesi za siri za enzi ya Stalin. Volpin akaenda kwenye katiba ya 1936, kifungu cha 111, kesi zinasikilizwa hadharani. Akaandika tangazo fupi likachapwa kwa taipureta na kusambazwa kwa wanafunzi: tarehe 5 Desemba, saa 12 jioni, uwanja wa Pushkin, njooni tudai kesi ya wazi. Tarehe 5 Desemba ilikua ni sikukuu ya katiba yenyewe.

Na tangazo lile msomeni mtu huyu alivyo makini. Lilisema wazi kwamba kauli mbiu yoyote inayozidi kudai sheria ifuatwe ina madhara, na huenda ni uchokozi, na waliopo wenyewe waizuie. Lilisema wakuu wakiwaamuru mtawanyike, mtawanyike, baada ya kuwaeleza mlikuja kwa lengo gani. Kuna maandamano gani mnayoyajua yenye masharti kama hayo? Aliliandika tangazo kama anavyoandika theoremu, hakuna neno la ziada ambalo mtu angelishika na kusema tumekukamata.

Bukovsky alikamatwa siku chache kabla na kutupwa hospitali ya vichaa. Wengine walionywa wasithubutu. Lakini jioni ile watu walikuja, mabango yakainuliwa, moja likisema iheshimuni katiba ya Usovieti. Ilichukua dakika chache tu, makachero wakaruka wakachana mabango wakawasomba watu kwenye magari, Volpin mmojawapo, wakahojiwa wakaachiwa. Baadhi ya wanafunzi walifukuzwa vyuo. Sinyavsky alipewa miaka saba na Daniel mitano. Ila kila mwaka baada ya hapo, tarehe 5 Desemba, watu walirudi pale uwanjani, wakavua kofia wakasimama kimya kidogo. Mkusanyiko ule unahesabiwa kuwa wa kwanza wa aina yake kwa miongo mingi kwenye nchi ile, na aliyeutunga ni mwanahisabati.

Aliandika pia mwongozo kwa watu wanaosubiri kuhojiwa na polisi wa usalama, ukapita mkono kwa mkono kwa nakala za taipureta. Jambo kubwa mle ni kwamba usidanganye. Mwaminifu kabisa huyu mtu, uongo ulimkera kwa kiwango ambacho sio cha kawaida. Lakini kutojibu sio kudanganya! Uliza naitwa kwa kesi gani. Uliza mimi ni shahidi au mtuhumiwa, maana haki zake hazifanani. Dai swali liandikwe kwenye maelezo kama lilivyoulizwa. Fikiria kabla hujafika, sio ukiwa umeshakaa kwenye kile kiti. Wanafunzi wa sheria, nyie mnajua thamani ya hayo kuliko mimi.

Februari 1968 wakamchukua tena, safari hii wakampeleka kwenye hospitali nje ya Moscow, wodi ya wagonjwa wakali. Hapo kikatokea kitu ambacho mimi kila nikikisoma nasisimka. Wanahisabati 99 wakasaini barua. Tisini na tisa! Wakaandika kwa waziri wa afya na kwa mwendesha mashtaka mkuu, kwamba mwenzao amechukuliwa kwa nguvu, na hali ile inamuumiza. Na hawakua watu wadogo. Alikuwepo Israel Gelfand, Pyotr Novikov, Vladimir Arnold, Yuri Manin, Igor Shafarevich. Wengine walikua hawakubaliani na siasa zake, wengine hisabati yake waliiona ya ajabu. Walisaini. Barua ikafika redio na magazeti ya nje, na baada ya miezi michache Volpin akatoka.

Bei ililipwa, nisiwafiche. Alexander Kronrod, ambaye maabara yake ilitengeneza programu ya chesi iliyoifunga ya Wamarekani 3 kwa 1 miaka ya 1966 na 1967, aliondolewa kwenye kazi yake. Sergei Novikov alipewa Medali ya Fields mwaka 1970, tuzo kubwa kabisa ya hisabati, alafu akazuiwa kwenda Nice, Ufaransa, kuipokea. Wengine walinyimwa safari kwa miaka mingi, na kitivo cha hisabati cha Moscow kikaingia kwenye miaka ya ubanaji. Kwa hiyo tukisema 99, tuseme tukijua ni watu waliokua na cha kupoteza.

Mwaka 1970 Andrei Sakharov, Valery Chalidze na Andrei Tverdokhlebov walipoanzisha Kamati ya Haki za Binadamu pale Moscow, Volpin akawa mmoja wa wataalamu wao. Mwaka 1972 akaondoka nchini. Akaenda Marekani, akapata nafasi Buffalo alafu Chuo Kikuu cha Boston, akaendelea na misingi yake ya hisabati miaka yote iliyobaki. Alifariki tarehe 16 Machi 2016, Boston, akiwa na miaka 91. Nchi iliyomuita kichaa ilikua imeshavunjika robo karne kabla.

Na hisabati yake je? Hapa ndipo wanangu wa mantiki nataka mfungue masikio. Mwaka 1971 Rohit Parikh alichapisha makala kuhusu namba zinazofikika. Alichukua hesabu ya kawaida, akaongeza kwamba sifuri inafikika, kwamba namba ikifikika inayofuata nayo inafikika, alafu akaongeza kwamba kuna namba fulani kubwa mno ambayo haifikiki. Kwa mantiki tunayofundisha hiyo ni nadharia inayojipinga moja kwa moja. Lakini Parikh alionyesha kwamba uthibitisho wowote wa huko kujipinga lazima uwe mrefu kupita kiasi, mrefu kiasi kwamba hakuna mtu wala mashine itakayouandika. Ukijifunga kwenye uthibitisho wa urefu ambao binadamu anaweza kuufikia, nadharia ile haikudanganyi kamwe. Baadaye Edward Nelson wa Princeton, kwenye kitabu chake cha 1986 kuhusu hesabu, akaanza kuhoji hata kupandisha vipeo, yaani kilekile cha 2 kwa kipeo cha 100.

Ukihoji vipeo unahoji vitu vingi sana tunavyovitumia kila siku darasani, na bado hakuna aliyeandika mpaka uko wapi hasa. Mimi nimefika hapo. Maswali sasa, na tuanze na watu wa sheria.